Siku Mama Mkwe Aliponikuta Kifua Wazi

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa. Mke wangu alikuwa amehangaika na uchungu siku nzima hospitalini, hapa Kasongo, na mtoto alikataa kushuka. Tulipojiandaa kurudi nyumbani, mkunga aliyemhudumia tangu mwanzo alinivuta pembeni. Alikuwa mama mwenye sauti ya chini.

"Mwalimu, weye unafundisha biolojia. Unajua mutoto huyu amekosa nini kwa kupitia dirishani?"

Nilisema sijui. Darasani nilikuwa nikifundisha bakteria kama watu wanavyosimulia habari za wezi: huyu analeta kipindupindu, huyu homa ya matumbo.

"Mutoto anayepitia mulangoni anapakwa bakteria za mama yake njiani," alisema. "Hizo ndizo wageni wa kwanza wa tumbo lake, na ni wageni wazuri. Huyu amepata chache. Na mama amepewa dawa ya kukinga kidonda. Dawa ile ilikuwa lazima, lakini nayo inaua wabaya na wazuri. Sasa mumusaidie. Anyonye maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Na mumulaze kifuani, ngozi kwa ngozi. Mama akichoka, weye baba."

"Mimi?"

"Huna ngozi?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kila nikitoka shule nilinawa, nikavua shati, na mke wangu akanifunga mtoto kifuani kwa kikwembe chake. Mwanzoni nilikaa kama mtu aliyebebeshwa mayai. Kisha nikazoea uzito ule mdogo, joto lake, na tumbo lake lililokuwa likinguruma juu ya tumbo langu. Mke wangu alinitazama kutoka kitandani akishika kidonda.

"Usinichekeshe," alisema. "Nyuzi zitakatika."

"Sijasema neno."

"Sura yako inatosha."

Alasiri moja pikipiki ilisimama nje. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Wamaza, matope hadi magotini, kuku mkononi na fungu la majani kichwani. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Aliingia bila kubisha, kwa kuwa ilikuwa nyumba ya binti yake, akanikuta kifua wazi.

Kwetu mwanaume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Kumwonyesha kifua ni jambo ambalo sijui hata jina lake. Aligeukia ukuta papo hapo. Mimi nikageukia ukuta wa pili. Shati langu lilikuwa kwenye kiti, upande wake.

"Mukwe wangu," alisema, "binti yangu amekufa?"

"Hapana, mama. Iko analala chumbani."

"Sasa mutoto iko kwako kwa nini?"

Mke wangu aliamka na kutuokoa. Alimfungua mtoto, akanirushia shati, kisha akacheka mpaka akalia kwa maumivu.

Jioni mtoto alianza kulia, tumbo limejaa kama ngoma. Ilikuwa hivyo karibu kila jioni. Mama mkwe alichemsha majani yake, akapoza maji katika kikombe ili ampe mtoto. Mke wangu alinitazama. Alikuwa katikati ya mama na mume, na niliona ni mimi niliyepaswa kusema. Nilikaa kizingitini, uso nje kwa heshima, nikamweleza yale ambayo mkunga alikuwa amenifundisha siku nilizorudi kumsumbua kwa maswali.

"Mama, ndani ya maziwa kuna sukari fulani ambayo mutoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya."

"Sasa Mungu aliiweka ya nini?"

"Ni chakula cha bakteria wazuri. Wakishiba wanaongezeka, wanakaa karibu na ukuta wa utumbo, na wabaya wanakosa nafasi. Ukuta ule ni seli zilizopangwa kama matofali. Wale wazuri wanatoa vitu vinavyozisaidia kushikana vizuri. Na nyuma ya ukuta kuna askari wengi wa mwili. Askari wa mutoto bado ni wajinga. Ni kwa wageni hao wanajifunza huyu ni adui, huyu ni rafiki, wasipige kila mutu."

Mama mkwe alikizungusha kikombe mkononi. Mtoto alikuwa amepata ziwa na kunyamaza.

"Watoto wangu wote walikunywa majani haya," alisema. "Wengine wamekua. Wengine niliwazika. Sijui ilikuwa maji, sijui ilikuwa nini."

Mke wangu alinyoosha mkono akaushika mkono wa mama yake. Baadaye mama mkwe alikisogeza kikombe kando, akatoka nje kumchinja kuku.

"Kama kila kitu iko ndani ya maziwa," alisema, "basi mwenye maziwa ale."

Alikaa nasi hadi kidonda kikapona. Alimpikia binti yake sombe ya majani ya muhogo na samaki, akamkalisha mbele ya sahani mpaka iishe. Tumbo la mtoto lilitulia polepole. Mkunga alinionya nisijivune: matumbo ya watoto wengi hutulia yenyewe wakikua, na mambo mengi ya bakteria hizo hata madaktari bado wanayatafuta. Mwanangu aliugua kikohozi na homa kama watoto wengine, akapona kama wengine. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Lakini darasani sikufundisha tena bakteria kama wezi peke yao.

Mtoto alipofikia umri wa kula, mama mkwe alirudi kutoka Wamaza kwa ajili ya uji wa kwanza. Aliuonja, akaupuliza, akampa mjukuu wake kijiko kimoja. Mtoto aliutema wote kwenye kikwembe kipya cha bibi yake. Bibi aliupangusa kwa kidole, akachota kingine, akangoja mdomo ufunguke.