Ndege ya Kumbeba Kabura

Huko Burnt Forest, karibu na Eldoret, wanamwita Waziri. Wachira si waziri wa kitu chochote. Anauza mbegu za viazi na dawa za ng'ombe katika duka la mlango mmoja, na suti aliyo nayo ni ile ya harusi yake. Lakini sokoni hakuna mtu aliyepanda ndege kwenda Nairobi mara nyingi kama yeye. "Waziri, serikali inasemaje?" wenzake humuuliza akirudi, naye hujibu kwamba serikali inasema viazi vyao ni vidogo.

Anayemsafirisha ni binti yake Kabura, wa miaka tisa. Mtoto huyo alizaliwa na mifupa inayokatika kama bua la mahindi lililokauka shambani. Mara ya mwisho walipokwenda Nairobi kwa gari, tuta moja kabla ya Nakuru lilimvunja mguu pahali pawili. Tangu hapo waumini wa kanisa lao huchanga nauli ya ndege, na Wachira amekuwa mtu wa kuchagua ndege.

Abiria wengine huchagua kwa bei au kwa ratiba. Yeye huangalia mikono na magurudumu: nani atambeba mtoto, na rubani atatua namna gani. Korongo aliiacha mapema, kwa kuwa kampuni hiyo huahirisha safari abiria wakiwa wameshajipanga mlangoni. Tai ina ndege kubwa, huondoka kwa saa yake, na wahudumu wake ni nadhifu. Lakini ngazi yake ni ndefu tena wima, na marubani wake huitua ndege kama mtu anayeshusha gunia. Mbayuwayu ina ndege ndogo za mapangaboi, zenye kelele, zinazochelewa kila mara. Hata hivyo hushuka taratibu kama mama anayemlaza mtoto aliyesinzia, na ngazi yake ni fupi, hatua chache tu. Mbayuwayu ndiyo kipenzi chake. Wakimwuliza sababu, hutaja hiyo ngazi.

Sababu nyingine haitaji. Miaka miwili iliyopita, kijana wa Tai wa kubeba abiria wasiojiweza, Mabonga, alimshika Kabura kwapani akamwinua, kama watu wote wanavyoinua watoto. Mkono ukavunjika karibu na bega. Wachira hakupiga kelele. Alimwambia Mabonga, mbele ya abiria waliokuwa kwenye foleni, kwamba mkono wake usije ukamgusa mtoto huyo tena maisha yake yote. Hakupanda Tai tena.

Asubuhi hii ya Alhamisi ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja wa ndege wa Eldoret hata uzio hauonekani. Kabura alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi hadi kidevuni, hajala tangu jana kwa amri ya daktari. Chuma kilichowekwa ndani ya paja lake kilikuwa kimehama, kikaanza kutoboa nyonga. Daktari mgeni anayejua kukitoa huja Nairobi mara moja kwa mwaka, na nafasi zake zilikuwa zimejaa. Jana jioni hospitali ilipiga simu: mgonjwa mmoja wa mwisho alikuwa na homa, nafasi yake iko wazi, wamlete Kabura kabla ya saa nane mchana. Kesho daktari anarudi kwao. Daktari wa hapa Eldoret alikuwa amesema wazi kwamba chuma kile kiko karibu na mshipa mkubwa wa damu, na hakitangoja mwaka.

Sauti ya Mbayuwayu ilisikika juu ya ukungu. Ilizunguka, ikazunguka tena, kisha ikafifia. Chepkirui, anayekaa kwenye kaunta ya kampuni hiyo, alitoka akaja walipokuwa.

"Mzee, ndege yetu imerudi Nairobi."

"Imerudi vipi na tumeisikia hapo juu?"

"Rubani haoni chini. Labda saa saba ajaribu tena."

"Saa saba ni kesho kutwa kwangu, Chepkirui."

Msichana alitazama kaunta ya pili. Ndege ya Tai ilikuwa imelala hapa uwanjani, na kupaa hakuhitaji kuona mbali kama kutua. Ukungu ukipungua kidogo tu, ingeondoka. "Niwaombe wapokee tiketi zenu?" aliuliza kwa sauti ya chini, maana alijua habari ya bega.

Wachira alimtazama binti yake. Kwa mila ya Wakikuyu mtoto alirithi jina la mama mzazi wa Wachira, kwa hiyo baba hamwiti Kabura. Humwita Mami.

"Mami, unaonaje?"

"Ile ya kugonga chini?"

"Hiyo."

"Afadhali nigongwe nikienda," alisema Kabura.

Tiketi zilipokelewa. Msimamizi wa Tai, kijana mtanashati aitwaye Byron, alieleza kanuni kwa adabu: jamaa haruhusiwi kumpandisha mgonjwa ngazini, hasa leo ngazi ikiwa na maji. Abiria hubebwa na mfanyakazi aliyefunzwa.

"Yuko nani?"

"Leo zamu ni ya mmoja. Mabonga."

Mabonga alikuwa amesimama chini ya ngazi, ameshika kofia. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipoona kiti cha magurudumu alirudi nyuma.

"Huyu hapana," alimwambia Byron. "Mwingine yeyote. Huyu sitamgusa."

"Mabonga, watu wanangoja."

"Wangoje. Mzee mwenyewe alinikataza. Si ulinikataza, Mzee?"

"Nilikukataza," alisema Wachira.

"Basi mimi nilitii. Mpaka leo nikiinua hata sanduku nasikia ule mlio wa mfupa. Unanidai nini tena?"

Juu mlangoni mhudumu alitazama saa yake. Byron alisema ukungu umepungua kwa muda mfupi tu na rubani hawezi kungoja. Wachira alivua kofia yake ya sufu. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kuombwa na wateja, si kuomba, na maneno yalimtoka vibaya.

"Ndugu yangu, lile neno nimelirudisha. Nakuomba. Nipige magoti? Nitapiga, hapa hapa kwenye maji."

"Usipige magoti, Mzee. Unanitia aibu."

"Basi mbebe."

Mabonga hakusogea. Kabura ndiye aliyezungumza.

"Ni wewe ulinivunja?"

"Ni mimi."

"Basi unajua pahali pa kutoshika. Hao wengine hawajui. Mkono mmoja chini ya matako, mwingine chini ya kichwa na mabega. Usinivute. Na usinikaze kifuani, mimi si kuku wa Krismasi."

Abiria mmoja alicheka, akanyamaza. Mabonga alifuta viganja kwenye suruali, akainama, akampokea. Walipanda. Wachira alifuata nyuma, mikono imekunjuliwa hewani kama mtu anayengoja kudaka, na hakusikia kitu kingine duniani isipokuwa viatu vya Mabonga juu ya chuma kilicholowa. Katikati ya ngazi Kabura alikohoa mara moja. Mabonga alisimama, akangoja, akaendelea. Alimweka kitini, akatoka bila kumtazama yeyote, jasho likimtiririka shingoni katika baridi ile.

Mlango ulifungwa. Ndege ilianza kutambaa.

"Baba," alisema Kabura. "Usigeuke haraka."

"Sema, Mami."

"Ubavu umevunjika. Nilipokohoa."

Wachira aligeuka polepole.

"Na hukusema?"

"Ningesema mngenishusha." Alivuta pumzi fupi, akaikatiza. "Usimlaumu yule. Alinishika vizuri. Daktari ataona ubavu akatae kunipasua?"

"Sijui, Mami."

Hakujua kweli. Alitaka kumkumbatia na hapakuwa pahali popote pa kuweka mkono. Mhudumu alikuja na tabasamu, akashika ncha ya mkanda wa kiti cha mtoto ili aukaze.

"Dada, usikaze," alisema Wachira. "Na umwambie rubani atue polepole. Kuna mtoto wa mifupa hapa."

"Marubani wetu wote hutua vizuri, Mzee. Lakini mkanda lazima."

Wachira hakubishana naye. Aliingiza mkono wake wote kati ya mkanda na kifua cha binti yake, kiganja kikiuelekea mkanda, akamwambia mhudumu sasa akaze. Alikaza. Ndege ilishika mbio, na juu ya mgongo wa mkono wake Wachira alihisi pumzi za Kabura, fupi fupi, zikija na kukatika na kuja tena.