Dada Alizikwa Mama Akiwa Njiani

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa nikikaa Busia kwa dada yangu, aliyeolewa na Mwislamu mwenye duka la vitambaa. Mtaa ule ulikuwa wa msikiti: Wasomali, Waarabu, Wanubi, watu wa pwani, Waganda waliovuka mpaka. Dada alikuwa amesilimu, kwa hiyo pale nyumbani Mkristo nilibaki peke yangu. Hakuna aliyenisumbua, Jumapili shemeji mwenyewe alinihimiza niwahi kanisani. Ila kanisani kwetu Mzungu alikuwa na kiti chake mbele. Waislamu niliwaona wakisujudu bega kwa bega, mweupe na mweusi, nikawaonea wivu. Na bado niliwaogopa, sijui kwa nini.

Dada alikufa kwa malaria, alfajiri. Shemeji akamtuma utingo wa lori la Malaba apite Amagoro kumwambia mama. Jua halijapanda sana, wanawake wakawa wameshamwosha.

"Mngojeni mama," nikamwambia shemeji.

"Kwetu maiti hacheleweshwi, shemeji." Macho yake yalikuwa mekundu.

Baada ya sala ya adhuhuri wakambeba. Wanaume wa kila rangi walipokezana jeneza mabegani, hata wasiomjua. Mimi nikabaki uani na wanawake wenzangu.

Mama alifika jioni, vumbi hadi magotini.

"Yuko wapi?"

Shemeji ndiye aliyejibu: "Tumeshamzika, mama."

"Mmezika mtoto yangu haraka hivyo, kama mmeiba?"

Mwanamke mmoja wa Kinubi, aliyemwosha dada, akapiga magoti mbele yake. Akamweleza polepole jinsi walivyomwosha kwa maji ya uvuguvugu, wakamsuka nywele, wakamtia manukato ya kafuri. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umemwona," akasema. "Mimi je?"

Chakula hakugusa. Kesho yake tukarudi Amagoro, tukamlilia dada bila mwili. Tangu hapo mama alisema Uislamu ni dini ya watu wasiojua kulia. Nilimwambia nilimkuta shemeji nyuma ya duka, kajifunika uso kwa kilemba, analia kama mtoto. Hakuniamini.

Mara moja shemeji alikuja kututazama, ameleta sukari na kanga. Mama hakutoka chumbani. Nilimpokea mimi mlangoni, tukasimama pale mpaka akaaga.