Siku Tulipojadili Msiba Maktabani

Ipo siku moja ya masika ninayoikumbuka, mwanangu, na nimekuwa nikiikwepa tangu uliponiuliza lile swali lako sikukuu ya Idi. Ulisema ninyi mnaofanya kazi kwenye maktaba ya chuo kikuu mnataka watu wa mitaa ya jirani waje, wakutane, wakae, paonekane pao. Ukasema, bibi, wewe uliwahi kushika kazi ya namna hiyo zamani, una la kutuambia? Nikakujibu ule kwanza, pilau inapoa. Ukala, ukaaga, ukaenda zako. Ulidhani nimezeeka nimesahau. Sikusahau. Sikutaka tu kuharibu sikukuu ya watu.

Leo mvua inanyesha hapa Kilole tangu asubuhi, magoti yananiuma, na sina kazi ya kusingizia. Basi nitakuambia, nawe univumilie nikizunguka kidogo.

Nilikuwa msichana wakati ule, nasomea ualimu wa elimu ya watu wazima kwenye chuo kidogo upande wa Handeni. Usihangaike kukitafuta, hakipo tena. Chuo kilikuwa na maktaba, jengo refu la matofali lililoezekwa bati, na eneo lile lote hapakuwa na paa jingine kubwa kama lile. Lakini hatukulijenga sisi. Lilijengwa kwa kujitolea, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Wanaume wa kijiji walichimba msingi na kusomba mawe, akina mama wakapanda na kushuka bondeni kuteka maji ya kufyatulia matofali. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mrefu, mkimya, tuliyemwita Mama Zaina, na huyo Zaina mwenyewe, binti yake wa pekee, akimfuata nyuma na ndoo yake ndogo.

Mimi nilipewa kazi ya kuitunza maktaba na kuwahamasisha wananchi waitumie. Na kuhamasisha nilikuweza, Mungu anisamehe. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikasimama visimani, nikasimama nje ya msikiti Ijumaa, nikisema, "Nyumba ile ni yenu. Njooni wakati wowote, hata kama hujui kusoma." Nani alinituma niseme wakati wowote? Hakuna. Niliyapenda tu maneno yenyewe yalivyokuwa yakitoka mdomoni, na niliona nyuso zikikunjuka nikiyasema.

Wakaja. Ijumaa mchana wazee walijaa kwenye mabenchi kusikiliza gazeti likisomwa kwa sauti, wakibishana kila aya. Akina mama walikuja na nyungo zao kuchambua mbaazi huku wakijifunza herufi. Watoto walilala chini ya meza. Aliyepotelewa na mbuzi alikuja kutangazia pale. Zaina, aliyejifunza kusoma pamoja na mama yake kwenye darasa langu, ndiye aliyewasomea wazee gazeti siku koo langu lilipokauka, na mama yake alikuwa akiacha kuchambua mbaazi akimtazama. Wanachuo wenzangu walinung'unika kwamba hawapati utulivu, lakini wageni kutoka mkoani walipokuja, mkuu wetu wa chuo aliwaonyesha wale wazee akasema hapa ndipo wananchi wanapokutana. Alikuwa mtu wa Bungu, mpole, anayependa vitabu kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Siku ile alisema kweli, na aliamini anachosema.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya, kando ya barabara, karibu na chuo. Ninyi mnasoma habari hizo kwa haraka, ukurasa mmoja mmemaliza. Sisi tuliona watu wakibomoa nyumba zao kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu nguzo na fito zilihitajika huko waendako. Walipofika walikutana kupanga waanze na lipi. Wengine walitaka lijengwe kwanza banda kubwa la wote, la mikutano na la shida zinazokuja bila kubisha hodi. Mzee Semkiwa, ambaye neno lake lilisikilizwa, akasema hakuna haja, maktaba tunayo, tukazane na nyumba za watoto kulala. Nilikuwapo. Nilichekelea moyoni kusikia hivyo, nikaona kazi yangu imefanikiwa.

Masika ikawahi. Iliwakuta watu wengi wana nguzo na fito zilizosimama bila nyasi juu, na nyumba ya Mama Zaina ilikuwa mojawapo. Kwenye baridi ile Zaina akashikwa na homa. Zahanati ilikuwa mbali, mto umejaa, vijana wakambeba kitandani kutafuta mahali pa kuvuka. Walirudi naye jioni amefunikwa uso. Tukamzika kesho yake baada ya sala ya adhuhuri, kaburi likijaa maji huku linachimbwa.

Unajua mila yetu, mwanangu, ingawa siku hizi mnakodisha viti vya plastiki na mahema. Mtu akishazikwa, mfiwa haachwi peke yake. Watu wanakuja kukaa naye matanga, wanalala chini pamoja naye, wanapika, wanalia, na wakati mwingine wanacheka, mpaka siku ya kuanua. Na matanga yanakaliwa nyumbani kwa watu, chini ya paa lao. Basi siku ile watu walipotoka makaburini hawakuulizana waende wapi. Walinyoosha moja kwa moja maktabani, mikeka kichwani, sufuria mkononi, akina mama wameficha kuni ndani ya kanga zisilowe. Hawakuja kuomba, na nataka ulishike hilo. Walikuwa wanakwenda kwao.

Mimi nilikuwa nimetangulia kurudi, nimesimama mlangoni. Ndani wenzangu walikuwa wameinamia vitabu, mitihani ya mwisho ilikuwa karibu.

"Mwalimu, tumefika," alisema Mzee Semkiwa, maji yakimchuruzika kofiani. "Sogezeni hizo meza, akina mama wapate pa kutandika."

"Shikamoo mzee. Poleni sana. Ngojeni kidogo, nimwambie mkuu."

"Umwambie nini?"

Nilikwenda tu.

Mkuu alisikitika kweli. Mkewe alikuwa ameshapeleka sukari msibani tangu jana. Lakini alisema jambo hili si lake peke yake, akaita kamati ya maktaba. Tukakaa ofisini kwake, wanachuo na walimu, mlango umefungwa kuzuia manyunyu, na watu wa msiba wamesimama nje chini ya upenu wa maktaba. Sasa sikiliza tulivyojadili. Mmoja alisema moshi wa kuni utaharibu vitabu. Mwingine alisema matanga ni siku kadhaa, wanachuo watasomea wapi? Wa tatu akauliza mkoa wakisikia, watasemaje? Alikuwapo mwenzetu mmoja fundi wa maneno, alitufafanulia umma ni nini na jengo la umma hutumikaje, akafafanua vizuri mno, tukamsikiliza. Mimi nilisema tuwafungulie. Nilisema mara ya kwanza, nikasema tena, halafu nikakaa na kungoja zamu yangu ya kusema kama wengine. Chai ikaletwa. Tukanywa, mwanangu. Watu wa msiba wamesimama nje kwenye mvua, sisi tunakunywa chai tukiwajadili.

Sitaki uwaone wenzangu kuwa wabaya. Kila mmoja alisema jambo lenye maana, na mpaka leo sioni hata neno moja lililokuwa la kipumbavu. Hilo ndilo linaloniumiza. Mwisho tulikubaliana waingie, kwa masharti, na mimi niliyewaita miezi yote ile ndiye nikatumwa kuyapeleka.

Mama Zaina alikuwa amekaa kwenye ngazi, miguu kwenye tope, akina mama wamemzunguka wamemkinga kwa mkeka. Nikachuchumaa mbele yake.

"Wamekubali, mama," nikamwambia. "Mtaingia. Ila kupika kuwe nje, na jioni tutafunga. Na kilio... wanaomba kilio kiwe cha taratibu. Wanafunzi wana mtihani."

Akainua uso akanitazama. Macho yalikuwa yamevimba, lakini hayakuwa na hasira.

"Cha taratibu kiasi gani, mwanangu?"

Hakuwa ananikejeli. Laiti angenikejeli. Alikuwa anauliza kweli, kama alivyokuwa akiniuliza darasani herufi hii inaandikwaje, ili asije akakosea. Mama aliyetoka kumfukia binti yake alitaka nimwonyeshe kipimo cha kulia ndani ya nyumba aliyoitekea maji kwa kichwa.

Mzee Semkiwa akamshika mkono akamwinua. "Twende, mama, usimjibishe mtoto wa watu," akasema. Halafu akanigeukia, na hakupaza sauti. "Binti, ungetuambia tangu mwanzo kwamba ni nyumba ya kusomea. Si neno baya. Tungekuja tukasoma, tukarudi kwetu. Na hivi leo tungekuwa na banda letu la kulilia."

Wakakunja mikeka iliyokuwa bado haijatandikwa, wakaondoka. Dereva mmoja wa lori aliyekwama barabarani aliwaazima turubai, wakalitupa juu ya zile fito za Mama Zaina, na matanga yakakaliwa hapo, maji yakipita chini ya mikeka. Nilikwenda jioni ile ile. Hakuna aliyenifukuza wala kuninunia. Walinisogezea nafasi, nikakaa, na huko ndiko nilikolia mpaka nikaishiwa pumzi, bila mtu kuniambia taratibu. Kesho yake mkuu naye alikuja, suruali imeloa mpaka magotini. Akamwambia Mzee Semkiwa mlango uko wazi, waje, hakuna masharti tena. Mzee akamshukuru kwa heshima zote. "Tumeshakaa, mwalimu," akasema.

Ungedhani watu wangetutukana, au wangetuvunjia vioo. Hawakufanya lolote. Ijumaa iliyofuata nilipanga mabenchi, nikaweka gazeti mezani, nikangoja. Hakuja mtu. Ijumaa nyingine vilevile. Visimani walinisalimu vizuri, wakaniuliza habari za nyumbani kwetu, na nilipotaja maktaba walisema wana palizi. Wenzangu walipata ule utulivu walioutaka na mitihani wakafaulu. Mimi pia nilifaulu, nikapewa hata zawadi ya jembe kwa uhamasishaji bora, nikaipeleka nyumbani nikaiegemeza ukutani na sikuweza kuilimia.

Kabla sijahamishwa nilikwenda kumuaga Mama Zaina. Nyumba ilikuwa imeezekwa. Alinipikia ugali na kisamvu, akanisimamia mpaka nikamaliza. Nikamwomba arudi darasani, asije kwa ajili yangu, aje kwa kile alichokwisha kukijua. "Nitakuja, mwalimu, mazao yakishatoka," akasema. Tulipokuwa tunaongea alipita bwana shamba akigawa karatasi za maelezo ya mbegu. Mama Zaina aliipokea yake, na bila kuitupia jicho akamkabidhi mtoto wa jirani amsomee. Nilikuwa nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe, na maandishi yalikuwa makubwa. Nilijua anajua, naye alijua kwamba najua. Tukasikiliza wote wawili mtoto akidokoa maneno moja moja. Miaka mingi baadaye niliambiwa amefariki, na kwamba mpaka mwisho alikuwa akiweka dole gumba mahali pa kutia sahihi.

Sasa turudi kwenye swali lako. Unaniuliza kama maktaba ya chuo inaweza kuwa mahali pa watu kukutania. Inaweza, mwanangu. Yetu ilikuwa hivyo, niliona kwa macho yangu. Lakini watu wakikutana mahali kwa raha tu, bado hapajawa pao, hata kama wamejaa mpaka mlangoni na wageni wanapiga picha. Patakuwa pao siku watakapokuja na jambo zito, la kelele, la uchafu, siku ambayo ninyi wenyewe hamkuipanga. Siku hiyo hamtapewa muda wa kukaa kikao. Kwa hiyo kikao chenu kifanyeni sasa, kabla hamjamwalika mtu. Ulizaneni mtawastahimili mpaka wapi, na mkishajua, waambieni watu hivyo hivyo, kwa maneno yenye ukubwa huo huo. Kama ni mahali pa kusoma na kuondoka, semeni karibuni msome. Watu watawaheshimu, na watajijengea kwingine pa kukaa. Usimwambie mtu hapa ni kwako kwa sababu neno linapendeza, maana yupo atakayelichukua akapange nalo maisha yake, akaacha kujenga kwake. Na kama mkiamua kweli pawe pao, basi uwe tayari kusogeza meza kwanza na kuulizwa baadaye. Utakaripiwa na wakubwa wako. Karipio linaisha, mimi nimekaripiwa sana katika kazi. Lile swali la Mama Zaina ndilo ambalo mpaka leo sijaweza kulijibu.

Nenda, mwanangu, ufanye kazi yako. Mungu akupe afya, akulinde njiani na ofisini, akupe ulimi usiotangulia mikono yako. Na siku atakapokuja mtu mlangoni pako analia, Mungu akujalie uwe umeshaamua, usogee pembeni, aingie alie anavyoweza. Amina.