Tuta la Baba Yake Fefa

Nikisema Nestor hana haya, watu wa kazini huniambia, "Chano, taratibu, huyo ni bosi." Bosi kitu gani! Mtu kazaliwa hapa hapa Fuerteventura, kisiwa ambacho mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuitazama, halafu anageuza tuta la shamba la mtu kuwa mahali pa kurusharusha watalii. Hasira zangu hazijaisha, na sitaki ziishe.

Fefa ndiye aliyekuwa akiongoza misafara yetu ya watalii. Ana miaka hamsini na miwili, na zaidi ya nusu yake kachunga mbuzi wa baba yake, kwa hiyo hakuna njia kwenye nyika ile asiyoijua. Alitangulia na bagi, kile kigari cha wazi chenye vyuma juu na tairi nene. Watalii walifuata na pikipiki za magurudumu manne. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikila vumbi la wote na kuwaokota walioanguka. Aliyechepuka Fefa alimkemea kama mbuzi, kwa Kihispania, naye alirudi kwenye mstari bila kuelewa neno.

Baba yake, mzee Maximino, ana gavia chini ya kilima. Ni shamba lenye tuta la udongo pande zote. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanashuka korongoni, yanaingia shambani, na tuta linayazuia mpaka ardhi ishibe. Likijaa mara moja tu kwa mwaka, unavuna dengu. Lisipojaa, imekula kwako. La mzee lilikuwa halijajaa miaka minne.

Basi Nestor, bila hata kubisha hodi kwa mzee, akapitisha msafara juu ya tuta lile, kwa sababu ukilipanda kwa kasi unaruka, na watalii wanapenda kuruka. Fefa alikataa katakata kupita pale. Nestor akawa anaongoza msafara wa asubuhi mwenyewe. Kila Jumapili Fefa alilijaza tuta kwa koleo, na ikifika Jumatano pengo lilikuwa limerudi, punda na mzigo wake anapita.

"Nestor, lile tuta ni la baba," Fefa alimwambia mbele yetu wote.

"Mvua yenyewe iko wapi, mama? Hebu nionyeshe wingu moja tu."

"Hata babu yako alikuwa na gavia."

"Na alikufa maskini. Mimi nimeerevuka." Akacheka. Nilitamani kumzaba kibao.

Alhamisi moja ya Novemba tukiwa kilimani na watalii tisa, mvua kubwa ikaanguka. Nestor akapiga simu. "Wapelekeni kwenye matope, watafurahi!" Lakini sisi tulikuwa tunatazama chini. Maji mekundu yalikuwa yanaingia gavia kwa kishindo, na pale penye pengo yameshaanza kutoka kuelekea baharini. Mzee Maximino, miaka themanini na minne, alikuwa amesimama pengoni, maji magotini, akitupa udongo. Kila alichotupa kilisombwa.

Fefa aliteremsha bagi mbio akaliingiza ubavu mle pengoni.

"Baba, toka hapo! Chano, umeganda nini? Leta mawe!"

Nikaleta mawe. Watalii nao wakaleta, hata bwana mmoja mnene wa Kijerumani, kalikumbatia jiwe tumboni kama mtoto. Tukashindilia mawe, vichaka na matope kati ya tairi, Fefa akitufokea wote bila ubaguzi. Maji yakapungua kutoka. Yakasimama. Yakaanza kupanda, mpaka viti vya bagi vikazama.

Simu ikalia tena. "Bagi liko wapi?"

"Liko kazini," Fefa akajibu.

"Kazi gani? Lirudishe sasa hivi!"

"Njoo ulitoe mwenyewe. Baba kalikalia juu."

Akaja kweli, na pikapu na kamba. Gavia lilikuwa limejaa ukingo hadi ukingo. Akilivuta bagi, maji yote yanakwenda.

"Vuta, Nestor," mzee akamwambia, akitetemeka kwa baridi. "Vuta watu wakuone."

Nestor alishika kamba muda mrefu. Halafu akageuka, akaona watalii wote tisa wamemwelekezea simu zao. Akaitupa kamba garini. Msidanganyike kuwa ni utu. Aliogopa zile simu, basi.

Bagi lilikaa pale siku nane, mpaka ardhi ilipomeza maji yote, na lilipotolewa injini ilikuwa imekufa. Mimi na Fefa tulifukuzwa kazi siku moja. Dengu zimeota vizuri mno.

Jana nimesikia Nestor ameanza kurusha watalii kwenye tuta la mjane mmoja upande wa kusini. Nikampelekea Fefa habari akiwa mezani. Akasukuma sahani, akaniuliza ni mjane gani, na msafara unapita pale saa ngapi.