Siku Tulipopiga Mdundiko Utete

Mwezi uliopita nilikwenda Kibiti kwenye arobaini ya shangazi. Asubuhi mtu akawasha makuti makavu nyuma ya nyumba, na ule moshi uliponifikia barazani nikasahau nilichokuwa nakifuata. Wengine walikohoa tu. Mimi nilijiona nimechutama mbele ya moto, nimeshika ngoma, nangoja ngozi ya mbuzi ikaze.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mitumba imefika, sabuni zimerudi madukani, na mwenye radio kaseti aliiweka dirishani mtaa mzima ujue. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nalelewa na bibi hapohapo Kibiti. Jirani yetu alikuwa mjane mnene, mcheshi, ambaye akikuita ungemsikia ukiwa shambani. Marehemu mumewe ndiye aliyeongoza mdundiko, ile ngoma inayotembea, watu wanaifuata mtaa hadi mtaa wakicheza. Alipofariki, shemeji yake alizitaka ngoma. Mjane akakataa, akatukusanya watoto wa mtaa, wasichana kwa wavulana, atufundishe. Shemeji akaapa, "Siku ukiharibu mbele ya watu, nakuja kuchukua ngoma za kaka yangu."

Bibi naye hakupenda. "Mtoto wa kike na ngoma wapi na wapi?"

"Bi mkubwa, niazime mjukuu wako mpaka magharibi tu," jirani akamjibu kutoka uani kwake. "Nikimharibu nitamlea mwenyewe."

Bibi akacheka, nami nikaponea hapo, ila nimenye mihogo kwanza.

Nilipewa vumi, ngoma kubwa, kwa sababu ya urefu wangu. Nililivaa begani kwa mkanda, likanipiga mapaja kila hatua. Tukikosea, Mama, ndivyo tulivyomwita, alisimamisha kundi zima akatusema mpaka tucheke. Tukipatia, tulikula mabibo aliyotuwekea kwenye beseni, maji yake yakitutia madoa yasiyotoka.

Halafu, wakati wa kuvuna mpunga, akaacha kutusema. Mwenzetu mmoja alikosea waziwazi, Mama akatabasamu tu. Siku nyingine nilimwita nikiwa nyuma yake, hatua tatu hivi. Nikaita tena. Hakugeuka. Tulitazamana sisi watoto, tukaelewa kwamba hasikii. Jioni tukakubaliana kwamba mtu mzima yeyote asijue, maana shemeji angejua.

Na sherehe ya wilaya ilikuwa imekaribia. Tulikwenda Utete kwa lori, tukavuka Rufiji kwa pantoni, Mama katuvalisha fulana za mitumba za rangi moja. Shemeji alikuwamo garini. Uwanjani Mama akatangulia, filimbi mdomoni, tukaanza vizuri. Lakini spika zilikuwa zinanguruma, watu wanapiga vigelegele, naye akazidi kukaza mwendo. Filimbi yake ikaenda kwake, ngoma zetu zikaenda kwetu. Nikamwona shemeji anasimama.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilitoka kwenye mstari nikakimbia na vumi langu, nikalibana kwenye mgongo wa Mama, nikapiga. Alishtuka. Nikapiga tena, taratibu. Nikahisi mwendo wake unapungua, mabega yanalegea, kisha filimbi ikaingia palepale ilipotakiwa. Tulizunguka uwanja wote hivyo, mimi nimemgandama kama kupe, na watu wakadhani ndiyo mtindo wetu.

Hatukushinda. Tulipokaa chini kunywa maji, akanishika kidevu nimtazame.

"Mmejua tangu lini?"

Nilisema polepole, midomo wazi, "Tangu mpunga, Mama."

Akajifunika uso kwa kanga. Alipoifunua akasema, "Kesho mazoezi saa kumi. Usichelewe."

Aliongoza miaka mitatu zaidi, nami mgongoni mwake. Shemeji hakuzitaja ngoma tena. Baadaye nikapata sekondari ya bweni, wenzangu wakaenda Dar kuuza mitumba, wenye harusi wakaanza kukodi disko. Mama alifariki nikiwa shuleni. Barua ilinikuta ameshazikwa.

Siku ile ya arobaini niliwauliza mabinti waliokuwa wanaosha vyombo kama wanaujua mdundiko. Walinijibu kwa heshima kwamba wameuona kwenye simu. Ningewaelezaje kwamba mtaa huuhuu niliwahi kuupita katikati ya umati, kifua changu kikiwa karibu na mgongo wa mtu, nikijua hatua yake kabla hajainua mguu? Tangu hapo nimetembea na wengi. Hakuna niliyemjua vile.