Hukumu ya Shemeji kwa Albamu ya Shangazi

Shemeji yangu ni fundi makochi, na kama riziki yake ingetegemea kusema, angekufa njaa. Ukimkuta karakanani, midomo yake imebana misumari midogo, anaichomoa mmoja mmoja na kupigilia kitambaa kwenye fremu. Ukimsalimia anatikisa kichwa. Ukimuuliza kochi lako litakuwa tayari lini, anatazama dari. Misumari ikimwishia mdomoni kabla hujaondoka, anaongeza mingine. Marehemu dada yangu alikuwa akisema kwamba hata siku ya posa alikuja nayo mdomoni, ikabidi mjomba wake amsemee. Hapo dada alitia chumvi, lakini si nyingi.

Nyumba yao iko nyuma ya karakana, na kati yake na karakana kuna mlango mmoja tu. Dada alizoea kumwita kutoka jikoni: "Unanisikia?" Na Shemeji, badala ya kuitika kama watu wengine, aligonga fremu mara mbili kwa nyundo. Ko, ko. Maana yake, nasikia, sema. Basi dada angesema lake lote, na likiisha, ko, ko tena, maana yake nimekubali, au nimechoka, sikuwahi kujua lipi. Waliishi hivyo miaka yote ya ndoa yao na sijaona watu wawili walioelewana kama wao.

Mtu huyo ndiye tunayemwita Jaji.

Hapo inabidi nieleze. Sisi ni mashabiki wa mwimbaji mmoja wa nyimbo za kienyeji, mama mtu mzima, anayetunga mwenyewe na kujipigia gitaa mwenyewe, akisimulia habari za watu wasio na habari. Tunamwita Shangazi, ingawa yeye hamjui hata mmoja wetu. Kundi letu si kubwa. Kuna Kinyozi, ambaye duka lake linatazamana na karakana na ambaye ndiye mwenye spika. Kuna Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu lakini hajastaafu kusahihisha watu. Kuna Mama Pacha, muuza vyombo vya plastiki, ambaye hulia kabla wimbo haujaanza, ili asipitwe. Na kuna mimi, mshona mapazia. Tunakutana Jumapili alasiri karakanani kwa Shemeji, na tunakaa juu ya makochi ya wateja. Kama ulitengenezewa kochi mtaani kwetu ukaliona jipya, shukuru Mungu na usiulize zaidi.

Sheria za kundi aliziweka dada. Albamu mpya ikitoka, haruhusiwi mtu kuisikiliza peke yake. Tunangoja Jumapili, tunaisikiliza yote kwa pamoja bila mtu kufungua mdomo, kisha Jaji anatoa hukumu, ndipo sisi wengine tunabishana. Na hukumu za Shemeji zilikuwa moto. Mtu ambaye wiki nzima hakusema zaidi ya "kesho" na "sponji imepanda" alikuwa akisimama, anatema misumari kiganjani, na kusema, "Wimbo wa tatu Shangazi ameutunga akiwa na hasira na mtu anayempenda." Halafu anakaa. Tulishangaa. Tulimvika kilemba naye akakivaa.

Lakini kilemba chenyewe kilikuwa cha ukoka, na mimi nilijua. Dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvunja sheria aliyoiweka. Alikuwa akiisikiliza albamu jikoni siku ile ile inapotoka, na asubuhi, akimmiminia Shemeji chai, anamfundisha la kusema. Kisha Jumapili, Shemeji akishalisema, dada anainuka pale alipokaa, maana alipenda kukaa juu ya mkono wa kochi, jambo lililomuudhi sana fundi, na anambishia. Anayabishia maneno yake mwenyewe. "Hasira ya wapi? Mtu mzima huyu hajui hata kusikiliza." Shemeji anababaika, hana la kujibu, maana la kujibu hakupewa. Sisi tunacheka mpaka kochi la mtu linalia. Dada alikuwa anauma na kupuliza, na Shemeji alipenda vyote viwili. Ilionekana usoni mwake.

Dada alifariki mwaka juzi. Bado naandika sentensi hiyo kwa shida.

Tuliendelea kukutana. Tulisikiliza nyimbo za zamani, na Shemeji alirudia hukumu za zamani, neno kwa neno, na mimi nilizisikiliza nikiwa nimeinamia mikono yangu. Hakuna aliyembishia. Aliyekuwa na ruhusa hiyo hakuwepo.

Kisha Shangazi, aliyenyamaza miaka mingi hata Mwalimu akaanza kumzungumzia kama mtu aliyepita, akatoa albamu mpya. Mtaa wetu ukachangamka, yaani sisi watano. Nami nikamtazama Shemeji siku hiyo, nikaona rangi imemtoka, na nikaelewa mara moja. Hii ilikuwa albamu ya kwanza ambayo dada hataisikia. Hakuna wa kummiminia chai na maneno. Jaji hakuwa na hukumu, na alikuwa na uhakika kwamba siku tutakapogundua hana lake, tutaacha kuja. Na bila sisi, Jumapili ya Shemeji ni yeye na makochi ya watu.

Wiki hiyo hiyo alikuja dukani kwangu na kipande cha kitambaa.

"Shemeji, kitambaa hiki unakionaje?"

"Si mimi niliyekuuzia?"

"Ndiyo." Akakikunja. Akakikunjua. "Na albamu?"

"Albamu gani? Hatujaisikiliza. Ni Jumapili."

"Najua. Nasema tu, kama mtu angekuwa ameisikiliza."

Sasa, mimi ni mtu mwadilifu, lakini simu yangu si adilifu. "Kama mtu angekuwa ameisikiliza," nikamwambia, "angesema sauti ya Shangazi imekwaruza, lakini ni mkwaruzo wa mtu aliyelia akamaliza. Ila gitaa liko chini mno. Halisikiki."

Akatikisa kichwa, midomo ikimchezacheza. Alikuwa anakariri. Nikajifanya natafuta mkasi.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba hakuishia kwangu. Alikwenda kunyoa, na hana nywele za kunyoa, akamuuliza Kinyozi swali lile lile. Kinyozi, ambaye naye aliapa hajasikiliza, akasema kama angekuwa amesikiliza, angeona gitaa limekaa mbele mno, limemfunika Shangazi. Akampelekea Mwalimu kigoda ambacho Mwalimu hakukiagiza. Mwalimu akamwambia beti zimekuwa fupi, na mtu mzima akisema machache, ujue amesema. Kwa Mama Pacha alinunua ndoo. Mama Pacha akamwonyesha chini ya ziwa la kushoto, akasema wimbo wa pili umemchoma hapa. Ndoo ilirudi nyumbani ikiwa na maneno ya watu wanne.

Jumapili tukafika. Kila mtu alikuwa na uso wa mtu aliyefunga tangu alfajiri. Mwalimu alisema, "Jamani, nina hamu, sijasikia hata noti moja." Kinyozi akasema hata yeye. Nyani haoni kundule, na siku hiyo nyani walikuwa wengi. Tukakaa: mimi na Mama Pacha kwenye kochi kubwa la kijani la mteja mmoja mwenye haraka, Mwalimu kwenye kiti kisicho na mgongo bado, Kinyozi chini, karibu na spika yake. Shemeji alisimama kando ya meza ya kazi, misumari mdomoni, nyundo mkononi, hana kazi anayoifanya.

Tukaisikiliza yote. Mama Pacha alilia kwenye wimbo wa pili, akalia vizuri, kama mtu aliyefanya mazoezi. Wimbo wa mwisho ulipofika niliona Kinyozi anapiga miayo. Ni wimbo wa ajabu kidogo. Shangazi yuko jikoni, anamwita mtu, anamwambia maji yamechemka, mlango unapiga kelele, kesho kuna wageni, na kila baada ya mstari anauliza tu, "Unanisikia?" Basi. Hakuna kiitikio. Nilipousikia mara ya kwanza nilijisemea Shangazi amechoka, na mara ya pili niliuruka.

Kinyozi akazima spika. Tukamgeukia Jaji.

"Shemeji," nikasema, "toa misumari."

Akaitoa mmoja mmoja. Akaipanga mezani. Akaipanga upya. Kisha akakohoa.

"Beti," akasema, "zimekuwa fupi. Mtu mzima akisema machache, ujue amesema."

Mwalimu akanyanyua kichwa.

"Gitaa limekaa mbele mno. Limemfunika Shangazi." Kinyozi akaacha kukunja waya. "Sauti imekwaruza, lakini ni mkwaruzo wa mtu aliyelia akamaliza. Ila gitaa, gitaa liko chini mno. Halisikiki."

"Liko mbele au halisikiki?" akauliza Mwalimu, maana hata mwizi wa mali yake lazima amsahihishe.

Shemeji alikuwa ameshika njia na hakuweza kurudi. "Vyote viwili," akasema. "Na wimbo wa pili umenichoma hapa." Na lile pande la mtu, mikono kama makasia, likajishika chini ya ziwa la kushoto, pale pale alipoonyeshwa.

 Kila mtu alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwenzake, na hakuna aliyeweza kulalamika, kwa sababu kulalamika ni kukiri kwamba aliisikiliza kabla. Mwalimu alimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha alitazama mkono wa Shemeji kifuani, kisha akatazama wake, ambao ulikuwa umeshikilia pale pale.

Mimi ndiye niliyeanza. Nilijaribu kuzuia kicheko kikanitokea puani. Kikamshika Mama Pacha, kikamshika Kinyozi, na Mwalimu akasema, "Kumbe sote ni wahuni," akacheka mpaka kiti chake kisicho na mgongo kikamwangusha.

Shemeji hakucheka. Alikuwa anaokota misumari yake mezani, lakini hakuitia mdomoni. 

"Hii hakuisikia," akasema. "Zile zote alizisikia. Yalikuwa maneno yake. Mimi sikuwa na langu hata moja. Mkitaka kuondoka, nitawaelewa."

  Mwalimu ndiye aliyemjibu, akiwa bado sakafuni.

"Fundi, tunajua. Tangu zamani. Mkeo aliniambia mwenyewe, akaniomba nisimwambie mtu."

"Na mimi," akasema Kinyozi.

"Mimi aliniapisha," akasema Mama Pacha.

Dada yangu huyo. Siri kwake ilikuwa kitu cha kumpa kila mtu kidogo kidogo. Na mimi nilidhani nimeibeba peke yangu.

"Sasa kwa nini mlikuwa mnaniuliza?" Shemeji akasema. "Hata baada ya yeye kuondoka. Kila Jumapili, Jaji, Jaji."

"Tulikuwa tunakuja kumsikiliza yeye," Mama Pacha akasema, na mara hii alikuwa analia bila mazoezi. "Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Shemeji akakaa. Akakaa juu ya mkono wa kochi la kijani, yeye aliyegombana na watu maisha yake yote kwa kukaa hapo. Mwalimu akainuka, akajipangusa, akamuuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyenakili kwa jirani, "Na wewe? Upi umeupenda?"

Shemeji akapapasa mshono wa kochi kwa kidole gumba.

"Wa mwisho."

"Wa mwisho upi?" akasema Kinyozi. "Ule wa jikoni? Ule si wimbo."

"Najua ni mbovu," akasema Shemeji. "Yeye angeuchukia. Angesema Shangazi amechoka, anarudia neno moja kama kasuku. Lakini mimi ndio nilioupenda. Nimeusikiliza wiki nzima."

Wote wakatikisa vichwa, kwa heshima. Nikaiona heshima hiyo, nikaona itakavyomuua. Watamtikisia vichwa, watamwonea huruma, kila Jumapili mpaka azeeke. Nikainuka. Nikaweka mikono kiunoni kama alivyokuwa akiiweka dada, na sauti iliyonitoka ilikuwa karibu sana na yake, hata mimi iliniogopesha kidogo.

"Mtu mzima huyu hajui hata kusikiliza," nikasema. "Wimbo gani wa kumwita mtu asiyeitika? Anaita na maji yanachemka, anaita na mlango unapiga kelele. Huyo mume ni kiziwi?"

Shemeji akaniangalia. Nikadhani nimeharibu.

"Si kiziwi," akasema. "Ana misumari mdomoni."

"Basi ateme."

"Atatemaje na kazi haijaisha? Shemeji, wewe unajua mapazia. Mambo ya makochi tuachie wenyewe."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya kundi letu Shemeji kujibu. Kinyozi akapiga paja. Mama Pacha akadakia kwamba mume yeyote ni kiziwi ila wa marehemu tu, Mwalimu akataka kuweka mambo sawa, na tukabishana kuhusu wimbo huo mbovu hadi mteja mwenye haraka akaja kuchungulia kochi lake, akatukuta juu yake, akaondoka bila kuuliza.

Mwisho Kinyozi akasema kuna njia moja tu ya kumaliza ubishi, akaurudisha wimbo. Shemeji alikuwa amerudi kwenye fremu yake, misumari mahali pake. Shangazi akaimba maji yamechemka. Akauliza, "Unanisikia?"

Ko, ko.

Akaimba mlango unapiga kelele. "Unanisikia?" Ko, ko, tena nje kabisa ya mdundo.

"Fundi," akasema Kinyozi bila kugeuka, "unatuharibia wimbo."

"Mwache," nikasema. "Anaitika."