Pikapu Iliyokataa Kuharibika Mbele Yangu

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa ovaroli ya kaka yangu, miguu yake nimeikunja mara tatu, na cheti cha chuo cha ufundi nimekishika kama Biblia. Gereji ilikuwa Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, ua wa mabati uliojaa injini zilizofunguliwa. Mwenyewe tulimwita Fundi Mkuu. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Wewe msichana, umekuja kuosha sufuria ama kuosha injini?" Nikamjibu kwamba nitaosha chochote kitakacholetwa kikiwa kichafu. Akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Kazi ya kwanza niliyomwona akiifanya ilikuwa ndogo. Pikapu ya mkulima mmoja ilikuwa imelika mpira wa ndani ya kifuniko cha tangi, vumbi likawa linaingia kwenye petroli. Fundi Mkuu alichukua blanda, yaani mpira wa tyubu kuukuu, akakata duara, akalibandika ndani ya kifuniko. Kisha akachomoa mwiba wa mgunga aliokuwa ameuchomeka kwenye kofia yake, akalitoboa lile duara katikati. Nikafungua mdomo kuuliza. Akanikatiza: "Hapa tunauliza na macho." Basi nikatazama, nikadhani ni mazoea yake tu, kama fundi cherehani anavyouma uzi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi chini ya yule mzee wa Kambu.

Siku hizo magari yalikuwa ya karabureta. Pampu ya mafuta ilikaa ubavuni mwa injini, ikisukumwa na kijiti, na kuipima hakukuhitaji elimu kubwa. Ulichomoa paipu, ukaitia kwenye chupa, mwenzako akapiga starta, ukaangalia. Petroli ikiruka kwa nguvu, pampu ni nzima. Ikitiririka kivivu, utando wa ndani umechoka. Nilifanya hivyo miaka mingi na kucha zangu hazikuwahi kuwa safi, hata siku ya harusi yangu.

Baadaye niliajiriwa Kitui, kwenye karakana ya shirika moja la kanisa lililokuwa na zahanati huku na huko vijijini. Huko nilimkuta bosi wa aina nyingine, Msimamizi wa Karakana, mtu wa koti jeupe na kalamu mbili mfukoni. Magari yalikuwa yamebadilika. Pampu sasa ilikuwa ya umeme, imezama ndani ya tangi lenyewe, na petroli ilifika kwenye injini kwa presha kubwa ili injekta ziinyunyize kama ukungu. Presha ikipungua, gari linakohoa mlimani, linakosa nguvu, mwishowe linazima. Msimamizi alikuwa na sheria moja: "Usiniletee habari ya kubadilisha pampu kabla hujasoma geji."

Geji ni saa ndogo ya kupimia presha, unaifunga kwenye paipu ya mafuta karibu na injini. Unafungua swichi bila kuwasha, mshale unapanda. Unawasha, unatazama kama unatulia. Unakanyaga mafuta, unatazama kama unaanguka. Unazima, unatazama kama presha inashikilia au inavuja kurudi kwenye tangi. Chujio likiziba utaona, na regulata, kile kidude kinachorudisha mafuta yaliyozidi, ikifa utaona pia.

Lakini mimi kabla ya geji nilikuwa na sikio. Nilifungua kifuniko cha tangi, nikaweka sikio mdomoni pake, nikamwambia dereva afungue swichi. Pampu nzima hulia ngwiii kwa sekunde mbili kisha hunyamaza. Kwa mlio huo nilijua iliyochoka, iliyojaa uchafu, na iliyobakiza wiki moja. Watu waliniita Mama Sikio, na sitawadanganya, nililipenda sana jina hilo. Lilinivimbisha kichwa.

Ndipo ikaja pikapu ya zahanati moja ya upande wa Migwani. Ilikuwa nzee, imepigwa na barabara za changarawe hadi milango ikawa inajifungua yenyewe. Dereva wake aliitwa Nzioka, mzee wa kanisa, mtu mpole wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kupeleka wagonjwa Kitui na kurudi na chanjo za watoto ndani ya sanduku la barafu.

"Mwaitu," aliniambia, akiniita mama kwa Kikamba ingawa tulikuwa rika moja, "hii gari inazima. Nikitoka Migwani iko sawa kabisa. Nikishapita Kabati inaanza kukohoa, halafu inakufa. Nikingoja kama nusu saa, inawaka tena."

Nikafungua kifuniko, nikaweka sikio. Ngwiii, safi kabisa. Nikafunga geji, mshale ukasimama wima kama askari. Nikaizungusha mjini mara mbili, ikaenda vizuri. Nikaandika kwenye kitabu: hakuna kasoro.

Alirudi tena. Nikafungua kifuniko, nikasikiliza, nikapima, nikaandika hayo hayo. Mara ya tatu nilimuuliza, kwa sauti ambayo leo naionea haya, "Nzioka, kwani ukiwa Kabati huwa unakunywa chai ya nani?"

Siku moja akiwa anarudi na chanjo, pikapu ikazima karibu na Kabati saa sita mchana, jua kali, ikawa inawaka na kuzima tena hadi jioni. Barafu ikayeyuka, chanjo zikatupwa. Akina mama waliokuwa wamengoja na watoto mgongoni tangu asubuhi wakarudi makwao mikono mitupu. Katibu wa shirika, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu wa karatasi, alifungua kitabu changu akakuta mara tatu imeandikwa hakuna kasoro. Akaamua kwamba dereva ndiye kasoro. Walisema anasimamisha gari makusudi, ana shughuli zake Kabati, labda anauza petroli. Alisimamishwa kazi, akaambiwa barua ya kumfuta itatoka Jumatatu. Kanisani kwake wakamwomba akae kando kwenye baraza la wazee hadi mambo yaeleweke. Mtu aliyekuwa akigawa meza ya Bwana sasa alikaa benchi la nyuma, na watu wakigeuka kumtazama.

Ijumaa alikuja karakana kwa miguu kutoka stendi. Hakunilaumu. "Mwaitu, panda na mimi mara moja tu," akasema. "Tutoke Migwani mpaka hapa. Isipozima, nitaenda nyumbani na sitakusumbua tena."

Nilitaka kukataa. Msimamizi wa Karakana alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Nenda. Geji haijawahi kufika Kabati."

Kesho yake tulikuwa Migwani, kwenye ua wa zahanati ambako pikapu ilikuwa imeegeshwa. Nikafunga geji kwa paipu ndefu, nikaipitisha chini ya boneti na kuifunga kwenye waipa, ili niisome kupitia kioo nikiwa nimekaa. Petroli ilikuwa ndani, Nzioka akakaza kifuniko mwenyewe. Kwa kuwa nilitaka kumaliza upesi nirudi nyumbani kufua, siku hiyo sikuweka sikio.

Tukaenda. Mshale ulitulia. Midomo ya Nzioka ilikuwa ikitikisika, nikajua anaomba. Ni jambo la ajabu kukaa karibu na mtu mzima anayemwomba Mungu gari liharibike. Tukapita Kabati, mshale bado wima, na nikaona jasho likimtoka. Kisha kwenye kimlima mshale ukatikisika. Ukashuka kidogo, ukashuka tena, injini ikakohoa, ikakata.

"Asi!" Nzioka akashangaa kwa Kikamba, na machozi yakamtoka. "Umeona? Si umeona?"

Nilikuwa nimeona. Niliruka nje kwenda kufanya nilichokijua, kusikiliza pampu. Nikashika kifuniko cha tangi, kikagoma. Nikakizungusha kwa mikono miwili. Kilipoachia, tangi likavuta hewa, fyuuu, pumzi ndefu kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Nikamwambia Nzioka afungue swichi. Ngwiii. Nikatazama geji, presha imerudi yote.

Nilikigeuza kifuniko. Ndani yake kulikuwa na duara la blanda, limekatwa vizuri, kingo laini, limebanwa sawasawa. Niliijua kazi ile. Nilikuwa nimelikata mimi miezi michache kabla, kwenye huduma ya kawaida, kuzuia vumbi, na nikajisifu kwa usafi wake. Katikati hapakuwa na tundu.

Tangi linapumua, wanangu. Kila petroli inapotoka, lazima hewa iingie kujaza nafasi yake, na huingia kwa kitundu kidogo cha kifuniko. Mimi nilikuwa nimekiziba. Pampu ikawa inavuta na tangi linaivuta kwa upande wake, hadi karibu na Kabati pampu inashindwa. Ukingoja nusu saa, hewa inapenya polepole na gari linawaka. Na kila mara aliponiletea, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua kifuniko ili nisikilize. Nilikuwa nauponya ugonjwa kabla ya kuupima, kisha naandika kwamba mgonjwa anadanganya. Nyani haoni kundule.

"Ni pampu?" Nzioka akauliza.

"Si pampu. Ni mimi."

Nilimweleza hapo hapo kando ya barabara, nikimwonyesha blanda na kumtajia mwiba wa Fundi Mkuu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuka mtaro, akavunja mwiba kwenye mgunga, akaniletea. Nikalitoboa duara katikati. Tukafika Kitui bila gari kukohoa hata mara moja.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Katibu kabla hajafungua ofisi. Nikaweka kifuniko mezani na ripoti ya nne: kosa ni la fundi, dereva alisema kweli tangu mwanzo. Katibu akaisoma mara mbili. "Mama, hii itakaa kwa faili yako mpaka ustaafu."

"Ikae," nikamwambia. "Yeye mlitaka akae na lawama hii maisha."

Barua haikutoka. Lakini jina lililochafuliwa kanisani halisafishwi ofisini, kwa hivyo Jumapili nilikwenda Migwani, nikaomba nafasi wakati wa ushuhuda. Nikasimama mbele ya wakulima na wajukuu wao, nimeshika kifuniko cha tangi, nikawafundisha presha ya mafuta kuanzia mwanzo. Bibi mmoja mbele aliitikia "Ameni" kila nilipotaja pampu. Nilipofika kwenye tundu, nikasema ni mimi niliyeliziba. Mchungaji alimwita Nzioka kutoka benchi la nyuma arudi mahali pake, naye akapita katikati ya watu akitazama sakafu.

Nimestaafu sasa. Mafundi vijana wana mashine zinazosoma gari kwa waya, na naziheshimu, ningezipata ningezitumia. Wakija kunisalimia nawaambia kitu kimoja: dereva akikuambia gari lake linazima mahali fulani, panda naye mpaka mahali hapo, na usiguse chochote kabla ya kufika. Wengine husikia. Wengine hunitazama nilivyomtazama Nzioka.

Yeye alikuja kwenye sherehe yangu ya kuagwa, naye akiwa karibu kustaafu, pikapu ile ile imeegeshwa nje. Watu walipokwenda kula, akavuta kiti karibu yangu.

"Mwaitu," akasema, "ile siku ya kwanza nilikuambia inazima nikipita Kabati. Ulifikiria nini juu yangu?"

Ningeweza kusema nilidhani ni waya, au uchafu wa petroli. Miaka ilikuwa imepita, na hakuna mtu ambaye angeweza kunipinga.

"Nilifikiri wewe ni mwongo, Nzioka. Mara zote tatu. Na unisamehe."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja tu uniambie."